Ubao wa Nane

Kambini, 11 Machi 1945

Kwa dada yangu Tunu binti Kondo, Kinondoni, Dar es Salaam.

Shikamoo dada. Najua ukiiona bahasha hii utasema leo kakumbuka kwao. Sema tu, nimestahili. Mie ni mzima, isipokuwa kikohozi cha vumbi ambacho daktari wa kambi anakiita si kitu. Nisalimie shemeji, nisalimie jirani Zuena, na mama umpigie magoti kwa niaba yangu. Ile homa yake ya jioni imemwacha? Na bado anakaanga vitumbua, au umefanikiwa kumkataza? Nadhani hukufanikiwa.

Mji niliopo siruhusiwi kuutaja; nikiutaja, bwana anayesoma barua zetu ataukata kwa mkasi upate barua yenye tundu. Ni mji wa bandari, wenyewe ni Wahindi, na upande mmoja kuna mtaa wa Wachina, maseremala na washona viatu. Kazi yangu ni lori la jikoni. Leo kuni, kesho magunia ya unga, keshokutwa kuni tena. Vita naisikia kwa wenzangu.

Karani wetu Audax, mtu wa Bukoba, amevunjika mguu na anarudishwa nyumbani. Ni mwema, nimemkabidhi mzigo wenu. Ndani mna sabuni mbili na kitambaa chako, usije ukasema nimekusahau. Mna pia ubao mwekundu, urefu wake mikono miwili, umechongwa maandishi ya Kichina yaliyopakwa dhahabu. Huo ni wa mama. Mti wake mgumu, mchwa atang'oka meno. Aufanye egemeo la benchi lake la jikoni, au auweke chumbani autazame tu.

Usiniulize nimeupata wapi. Ulikuwa umelala bure nikauokota.

Mdogo wako,
Mwinshehe


Kinondoni, 2 Juni 1945

Mdogo wangu Mwinshehe,

Marahaba. Barua yako na mzigo vimefika pamoja juma lililopita. Huyo Audax kaja na gongo lake mpaka mlangoni, jasho linamtoka, na amekataa hata kukaa mpaka nilipomkemea. Amekula, ameshukuru kwa Kihaya na kwa Kiswahili, ameondoka. Hao ndio watu, si wewe unayekaa miezi mitano bila neno.

Shemeji yako hajambo, yuko relwe kama kawaida. Zuena kapata mjukuu. Sabuni nimeshaanza kuzitumia na kitambaa nakiweka kwa ajili ya harusi ya Temeke mwezi ujao. Mie nakuandikia mwenyewe kwa herufi za Kiarabu za chuoni, hizi hizi. Kama huyo bwana wako wa mkasi hazijui, na asumbuke.

Mama homa inamwacha siku mbili, ya tatu inarudi. Vitumbua bado anakaanga. Nimemficha chuma cha kukaangia, akaazima cha Zuena. Sasa nikwambie habari ya ubao wako. Nilipoutoa kwenye gunia mama aliupakata. Akaufuta kwa ncha ya kanga, akapitisha kidole kwenye kila herufi kama anayesoma. Nikamwambia Mwinshehe anasema ufanye egemeo. Akasema, "Mtu hapaki dhahabu kwenye neno la bure. Hili ni jina la mtu. Mwambie akaulize ni la nani."

Nikamwambia mama, huko mbali, Wachina wenyewe maelfu, ataanza na nani? Akasema aanze na pale alipouokota. Basi amekataa usiguswe na msumari. Ameuweka chini ya kitanda chake, maandishi juu, na kila asubuhi ananiuliza kama barua imekuja. Nenda kaulize, nipumzike.

Dada yako,
Tunu


Kambini, 19 Agosti 1945

Dada Tunu, shikamoo.

Nimefurahi kwa mjukuu wa Zuena na kwa Audax kufika. Hapa kila mtu ni furaha, Mjapani amesalimu amri, watu wanacheza ngoma za kwao mpaka Wazungu wanashangaa. Mie sichezi. Barua yako ilikaa kwa wasomaji wiki nyingi kwa sababu ya herufi za chuoni, nimeipata siku tisa zilizopita, na siku ya kumi leo sijala vizuri.

Nilikwenda kuuliza. Laiti nisingekwenda, lakini mama kasema.

Katika ule mtaa wa Wachina kuna nyumba yao ya ibada. Dini yao inaitwa Tao, maana yake Njia. Ndivyo alivyonifasiria rafiki yangu Kasiani aliyesoma misheni na anajua Kiingereza. Nyuma ya ile nyumba ulikuwapo ukumbi peke yake, wenye meza ndefu. Si wa miungu yao. Ni wa wazee wa kwanza wa njia hiyo, mwalimu mmoja na wanafunzi wake saba, waliokufa kabla babu wa babu yetu hajazaliwa. Kila mzee ana ubao wenye jina lake, na mbele ya ubao bakuli la majivu na udi. Kila asubuhi mtunzaji, mzee Ong, anawaamkia mmoja mmoja kwa jina, kuanzia mwalimu. Kama sie tunavyotaja wazee siku ya kuzuru makaburi Boko, ila yeye ni kila siku ya Mungu.

Mwezi wa pili bomu lilibomoa paa la ukumbi ule. Tukatumwa na lori tukaambiwa kilichoanguka ni kuni. Tukapakia mapaa, mapao, milango. Na zile mbao nane. Saba nilizichoma mie kwa mikono yangu chini ya sufuria ya ugali wa kombania nzima, na tukala, na nikasema ugali wa leo umeiva vizuri. Wa nane niliupenda kwa dhahabu yake nikamtumia mama.

Kasiani alizungumza na mpwa wa mzee, fundi viatu anayejua Kiingereza. Mzee akauliza kama zimebaki. Dada, nikasema hapana, zote zimeungua. Sijui kwa nini. Ulimi ulitangulia. Akainamisha kichwa kidogo, akarudi kwenye meza yake tupu, akaendelea kutaja majina yale manane mbele ya mabakuli manane. Nilirudi kesho yake nikamwambia kweli, kwamba mmoja upo Dar es Salaam kwa mama yangu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikamwahidi nitaurudisha kabla hatujapanda meli. Nimeapa, dada, kwa jina la mama.

Sikiliza basi. Mwinjuma, mtoto wa mama mkubwa, yuko kambi ya barabara ya Pugu, anakuja huku na kikosi cha madereva wa kutubadilisha. Mpe ubao. Uufunge kwenye mkeka. Mwambie mama alikuwa na haki, ni jina la mtu.

Mwinshehe


Kinondoni, 30 Oktoba 1945

Mdogo wangu,

Marahaba, na hongera kwa kumalizika vita. Sie hapa tulipigiwa mizinga na tukapewa siku ya mapumziko, shemeji yako akailala yote. Mvua za vuli zimeanza mapema, paa la jikoni linavuja, nimetafuta makuti mpaka nimechoka, kila mtu anajenga. Kuku wangu wawili wameibiwa na najua aliyeiba. Mjukuu wa Zuena ana meno mawili na anauma. Mchele umepatikana kidogo dukani, sukari hapana. Yule mbuzi wa shemeji uliyekuwa ukimcheka sasa ana watoto.

Barua yako nimeisoma. Nimeisoma mara nyingi. Wewe nawe, nani alikutuma kuapa? Hujui kama kitu kitapatikana au hakitapatikana, unafungua mdomo unaapa, tena kwa jina la mama. Ungesema utajaribu.

Mama hana homa tena. Hasumbuki na kitu. Mwinjuma hatukuwahi kuonana. Nilipofika kambini nikaambiwa wameshaondoka. Ubao upo, haunyeshewi na mvua. Mweleze mzee huyo kwa upole kwamba njia ni mbali.

Usiandike sana juu ya jambo hili. Rudi salama tu.

Tunu


Kambini, 5 Desemba 1945

Dada,

Shikamoo. Wote huku wazima, Kasiani anakusalimu ingawa hakujui.

Mwinjuma amefika. Nilimpokea bandarini mwenyewe, nikatazama mzigo wake kabla sijamtazama uso, nikaaibika. Mkeka hakuna. Anasema alikuja kwako Kinondoni siku nne kabla ya kuondoka, akakaa ukumbini, akanywa chai, ukamwambia huna kitu cha kumpa. Wewe umeniandikia hamkuonana. Sasa nani mwongo? Mwinjuma namjua tangu tunacheza gololi, uongo haumkai.

Nikamuuliza mama hajambo? Akasema mama anasalimu, huku anafunga kamba ya kiatu kilichokwisha fungwa. Nikamuuliza mara ya pili. Akasema, "Muulize Tunu." Akaondoka na toka siku hiyo ananikwepa mpaka kwenye foleni ya chakula.

Basi nakuuliza, dada. Lakini kwanza nimalize la kwangu, maana siwezi kukudai kweli nami nimeificha nusu. Nilikuandikia kwamba tuliambiwa kilichoanguka ni kuni. Ni kweli tuliambiwa hivyo. Zile mbao hazikuwa zimeanguka. Paa lote lilishuka lakini ile meza haikuguswa, zilikuwa zimesimama zote nane kwa mstari, zina vumbi tu. Na mzee Ong alikuwapo. Alinishika mkono wa shati, akasema maneno nisiyoyajua, hakupiga kelele. Nikautoa mkono wake kama unavyomtoa mtoto anayekung'ang'ania, nikazikusanya kifuani, nikazipakia. Lori lilikuwa halijajaa na koplo alikuwa anahesabu dakika. Hiyo ndiyo sababu yangu yote. Nimeitafuta nyingine miezi kumi, sijaipata.

Naenda kwake kila Jumapili sasa. Namsaidia kupandisha mapao mapya. Nimejua pia ubao wetu ni wa nani, maana nilikumbuka ulisimama mwisho kulia. Kati ya wale wanafunzi saba, sita ni wanaume na mmoja mwanamke. Ni wake huyo. Wanasema alikuwa mzuri wa sura, naye alitaka kwenda mbali peke yake kuifuata njia, akaona wanaume watamsumbua safarini, akajimwagia mafuta ya moto usoni ndipo akaondoka. Akafika. Nilipoambiwa hivyo nikakumbuka kovu la mama la mafuta ya vitumbua, pale kwenye kiganja.

Mzee ameacha nafasi yake wazi, ya mwisho kulia. Wale saba wengine atawachongea mbao mpya. Wa huyu hachongi, anasema wake upo, unakuja. Meli yetu ni mwezi wa nne au wa tano.

Ubao uko wapi? Na mama, dada. Niambie.

Mwinshehe


Kinondoni, 17 Februari 1946

Mwinshehe, mtoto wa mama yangu,

Leo sina habari za kuku.

Mama alifariki Jumatatu ya tarehe tisa Julai, kabla hujaandika ile barua ya mbao. Tumemzika Boko karibu na baba. Mwinjuma nilimwapisha asiseme. Msamehe, mimi ndiye niliyemfanya mwongo.

Ungeniuliza kwa nini nimekuficha ningekujibu kwamba nilikuogopea, upo vitani, utafanya upumbavu. Ndivyo nilivyomwambia shemeji yako na kila mtu. Vita vikaisha na bado sikusema. Kweli yenyewe ni kwamba sikuwepo. Nilikuwa Temeke harusini siku mbili, nimevaa kile kitambaa chako, naimba. Mama alikuwa na homa siku naondoka. Nilimwacha na Zuena nikasema nitarudi jioni. Jioni wakaniambia kesho ndiyo kuna kupeana zawadi, nikabaki. Zuena alituma mtu asubuhi, hakunipata kwa wingi wa watu. Nimefika Kinondoni adhuhuri nimekuta mlango uko wazi na viatu vimejaa barazani. Zuena anasema mama alikuulizia wewe, kama barua imekuja. Hakuniulizia mimi. Alijua niko wapi.

Basi nikataka kufanya haraka, kama haraka ingefuta kitu. Nikasema azikwe leo leo kabla ya magharibi. Lori la chokaa la Boko likatuchukua. Shemeji yako akaenda kutafuta mbao za viunza, zile za kufunikia mwanandani, lile shimo dogo la ndani ya kaburi, mwili usiguswe na udongo. Unajua mbao zilivyokuwa adimu wakati wa vita. Akapata masanduku ya relwe, akauliza akate ngapi. Nikamwambia za kumtosha mtu kama mimi. Nilisahau, Mwinshehe. Mama yangu mwenyewe, nilisahau kwamba ni mrefu kuliko sisi sote.

Wanaume walimshusha, wakapanga, ikabaki nafasi. Upande wa kichwani. Pengo la ubao mmoja, na jua linazama. Jamali mchimba kaburi akatoka shimoni, akaja kwenye lori nilipokuwa nimebaki, akauliza kama hakuna ubao mwingine wowote. Nilikuwa nimeuchukua ule wako. Nilikuwa nimeufunga kwenye kanga ya mama kwa sababu alikuwa anaupenda na sikujua niuweke wapi, nikawa nao tu kama mwenda wazimu. Nikautoa. Jamali akatazama yale maandishi akaniuliza haya ni nini, nikamwambia ni ubao wa mwanawe aliye vitani, na awe na mkono wake kaburini. Akaupokea. Akaniuliza maandishi yatazame juu au chini. Nikamwambia chini, dhahabu isiguse udongo.

Kwa hiyo ndipo ulipo. Juu ya uso wa mama. Ulitosha sawasawa.

Barua yako ya Agosti ilipofika na habari ya ukumbi na majina, ndipo nilipojua ule ubao ni nini. Sijui nimefanya nini. Sijui kama nimemlaza mama chini ya jina la dini ya watu, au nimemzika mtakatifu wa watu kwenye kaburi letu. Sijamuuliza maalimu. Naogopa atasema lifukuliwe. Sitaki hata kufikiri jembe likigusa pale. Lakini wewe umeapa, tena kwa jina lake, na mzee wa watu ameacha nafasi. Ukisema lifukuliwe nitakwenda kumwambia Jamali mimi mwenyewe. Sitakuzuia. Ilikuwa harusi tu, Mwinshehe. Hata jina la bwana harusi silikumbuki vizuri.

Dada yako, kama bado unalitaka neno hilo,
Tunu


Kambini, 21 Aprili 1946

Dada Tunu,

Shikamoo. Neno hilo bado nalitaka. Salamu kwa shemeji na kwa Zuena, na mwambie Zuena namshukuru kwa kukaa na mama.

Sikukujibu mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, nikitaka kukuandikia maneno mabaya. Niliyaandika. Nikayasoma, nikaona kila neno linanifaa mimi vilevile, nikachana. Wewe ulikuwa harusini. Mie nilikuwa ukumbini kwa watu, nachukua. Siku ile ya tisa Julai nimeitafuta kwenye daftari la lori, nilikuwa nabeba kuni.

Nililia kwa Kasiani, si kwa mtu mwingine. Halafu ikabidi niende kwa mzee.

Ilikuwa Jumapili, anawaamkia. Mbao saba mpya zimesimama, moja nimeiranda mie, imepinda kidogo. Nikangoja amalize. Nikamweleza yote kupitia kwa Kasiani na mpwa wake: mama, pengo la kichwani, ubao, maandishi chini. Nikamwambia dada yangu yuko tayari kaburi lifunguliwe, na mie nimeapa. Aliuliza swali moja tu, lilipita kwa yule fundi viatu, likapita kwa Kasiani, likanifikia. Aliuliza kama mama yangu alikuwa mtu wa kuogopa kulala peke yake.

Nikasema hapana. Alikuwa haogopi kitu. Alikuwa anakaanga vitumbua na homa.

Mzee akakaa. Hakusema nimekusamehe, dada, nami sikumwomba, nilikuwa sina uso. Alisema lisifunguliwe, hao wawili ni wa namna moja. Kisha akanyanyuka na gongo lake akaenda kwenye ile nafasi ya mwisho kulia, akaliondoa bakuli la majivu, akalifuta chini, akanipa. Kasiani alisema, "Anasema palipo na jina ndipo pa bakuli. Peleka." Mpwa wake alikuwa analia. Nami sasa najua nimechukua kwenye ukumbi ule mara mbili, mara ya kwanza kwa nguvu na mara ya pili kwa huruma yake, na ya pili inaniuma zaidi.

Nimejifunza jina la yule mama wa ubao. Nimelisema mbele ya mzee mpaka akaridhika na namna ninavyolitamka. Bakuli nimelifunga kwenye koti langu, halitakwenda kwenye sanduku la mtu.

Meli imesogezwa mpaka tarehe za mwanzo wa Juni. Usije bandarini na usinipikie. Nitashuka, nitatafuta gari lolote linalokwenda Boko, na wewe unikute huko, kwa baba na mama. Maalimu tutamwambia pamoja, baadaye, na atakachosema tutakibeba wote wawili. Ila nikifika pale usishangae. Nitatoa salamu mbili, na ya kwanza haitakuwa ya mama. Yeye atanielewa, maana ndiye aliyenituma nikaulize.

Mdogo wako,
Mwinshehe